Bumu Si Mali ya Wiki Moja

Ndugu msikilizaji, leo nazungumza na kijana wako anayefunga sanduku kwenda chuoni mwaka wa kwanza. Mwite asogee karibu na redio.

Mwanangu, fedha za Bodi ya Mikopo, ambazo wanafunzi huziita "bumu", huja kwa mkupuo. Mwaka 2022 posho ya chakula na malazi ilipandishwa kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku. Kwa siku 60 hiyo ni laki sita. Anayezishika kwa mara ya kwanza hujiona tajiri, akasahau kwamba ni deni. Nayajua hayo. Nilipoanza stashahada ya uandishi wa habari, mama aliuza mbuzi watatu nipate matumizi ya muhula. Juma la kwanza nikanunua redio kaseti (ya kujifunzia kazi, nilijidai) na viatu vya kutokea. Juma la sita nashindia andazi na maji, naona haya kumwambia.

Basi siku fedha zinapoingia, lipa chumba kwanza. Nunua mchele, unga na maharage ya mwezi, mkichanga wawili watatu. Kinachobaki kigawe kwa siku zilizosalia. Simu mpya ingoje. Tena beba akiba ya majuma mawili toka nyumbani, maana bumu huweza kukawia.

Nanyi wazazi, akipiga simu kwamba ameishiwa, msianze kwa kufoka. Mama yangu hakuuliza fedha zilikwenda wapi. Aliuliza nimekula nini.