LUGHA YA WENGINE NA HESHIMA YA MTOTO WETU
Mada kwa viongozi wa walei, Bukundi



Ndugu wapendwa, nimeombwa kuzungumza juu ya jambo ambalo huenda likaonekana kuwa la walimu peke yao. Watoto wetu wanapofundishwa Kiingereza, wanajifunza nini juu ya watu wenye lugha hiyo? Na wanajifunza nini juu yao wenyewe? Hili ni jambo la haki, nami nitaeleza kwa nini.

1. Lugha haiji peke yake

Anayejifunza lugha ya watu hujifunza pia namna yao ya kuishi. Tuchukue salamu. Mtoto wa Kisukuma humwamkia mkubwa asubuhi kwa "mwangaluka" na mchana kwa "mwadila". Kwa Kiswahili humpa shikamoo. Katika Kiingereza haikuti salamu iliyotengwa kwa ajili ya wazee. Asipoelezwa, atadhani ama Waingereza hawana adabu, ama adabu yetu ni ushamba. Mwalimu mwema humwonyesha kwamba wao huweka adabu mahali pengine: mtoto wao hufundishwa kutoomba kitu bila neno la kusihi, wala kukipokea bila kushukuru. Hapo mwanafunzi ameijua nchi nyingine bila kuidharau na bila kujidharau.

2. Kujifunza bila kujikana

Mwalimu Julius Nyerere, mtoto wa Kizanaki, alisoma hadi Edinburgh. Lakini alichokipata huko alikileta nyumbani: alitafsiri tamthilia za Shakespeare kwa Kiswahili, "Julius Caesar" mwaka 1963 na "Mabepari wa Venisi" mwaka 1969. Kuijua vema lugha ya kigeni hakukumfanya aione lugha yetu kuwa haiwezi kubeba mawazo mazito.

Wengine hatukupata malezi hayo. Shuleni nilikosoma, nilivishwa kibao shingoni kwa kosa la kusema Kisukuma. Kiingereza nilikipata. Lakini siku moja mama yangu alikuja shuleni akanisemesha kwa lugha ya nyumbani mbele ya wenzangu, nami nikamjibu kwa Kiswahili ambacho alikielewa kwa shida. Alinyamaza, akaniachia karanga alizoniletea, akaondoka. Hakuna mwalimu aliyeniambia nimwonee mama yangu haya. Kibao kilikuwa kimekwisha kunifundisha.

3. Haki ya mtoto

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, unasema katika kifungu cha 29 kwamba elimu imjenge mtoto aheshimu wazazi wake, utamaduni na lugha yake, tunu za nchi yake, na pia ustaarabu ulio tofauti na wake. Mambo hayo yamewekwa pamoja. Shule inayofundisha moja na kuua lingine haijatimiza wajibu wake.

Kanisa nalo linafundisha hivyo. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati Gaudium et Spes ya mwaka 1965, ulitenga sura nzima kwa ajili ya utamaduni. Na Sinodi ya Afrika ya mwaka 1994 ilisisitiza utamadunisho. Siku ya Pentekoste Roho Mtakatifu hakuzifuta lugha za mataifa. Kila mmoja alisikia matendo makuu ya Mungu katika lugha yake.

4. Hali yetu hapa

Sisi hatuhitaji kupanda ndege ili kukutana na utamaduni mwingine. Katika eneo letu, hadi kuelekea Ziwa Eyasi, kuna Wasukuma, ambao lugha yao ni ya Kibantu. Kuna Wataturu, ambao yao ni ya Kiniloti. Na kuna Wahadzabe, ambao lugha yao yenye vidoko wataalamu hawajaiweka katika ukoo wa lugha nyingine yoyote.

Mtoto wa Kihadzabe anayeingia darasa la kwanza hukutana na Kiswahili kama lugha ngeni, na Kiingereza kama ngeni ya pili. Akinyamaza, ukimya wake huitwa ujinga. Akisema, wenzake huiga vidoko vyake na kucheka. Mwisho haonekani tena shuleni, nasi tunasema kwamba watu wake hawapendi elimu. Je, mwanafunzi anayeuliza kwa hamu habari za London, huku akimcheka mwenzake wa dawati moja, amejifunza nini?

Sisemi tukiache Kiswahili, kilichotuunganisha kuwa taifa. Wala sisemi Kiingereza kisifundishwe. Kifundishwe vizuri zaidi. Nasema mtoto asilipishwe elimu kwa kuona haya. Mwacha asili ni mtumwa.

5. Maswali ya kujadiliana katika jumuiya ndogo ndogo

(a) Je, katika shule zetu bado kuna adhabu au dhihaka kwa mtoto anayesema lugha ya nyumbani? Kamati ya shule imefanya nini?

(b) Sisi wazazi huwataja vipi Wataturu, Wahadzabe na Wasukuma mbele ya watoto wetu?

(c) Tuwaombe walimu wafanye nini ili mtoto anayesoma habari za nchi nyingine aweze pia kueleza darasani, bila hofu, desturi za kwao?

Mungu awabariki.