Mnara Ulio Jirani Nawe: Namna ya Kuutambua na Maswali ya Kuuliza



Wananchi hutuuliza kama mnara uliojengwa karibu na nyumba zao ni salama. Ili kulijibu swali hilo, hatuna budi kutenganisha vitu viwili vinavyoitwa kwa jina moja. Mnara ni muundo unaobeba. Antena ndiyo inayorusha na kupokea mawimbi ya redio. Kila kimoja kina tahadhari zake.

Minara tunayoiona zaidi ni ya aina nne. Upo mnara wa vyuma vilivyosukwa, wenye miguu mitatu au minne, ambao husimama wenyewe. Upo mlingoti mwembamba unaoshikiliwa na kamba za chuma zilizofungwa kwenye nanga ardhini, mbali na shina lake. Ipo nguzo moja ya bomba la chuma, ifaayo penye nafasi finyu. Na upo mlingoti mfupi unaofungwa juu ya paa la ghorofa.

Kuhusu antena, zile ndefu zilizo bapa kama ubao ndizo zinazowasiliana na simu zenu. Kwa kawaida huelekezwa pande tatu, kila upande ukihudumia nyuzi 120. Yale madishi ya duara kama ngoma huunganisha mnara na mnara kwa mwali mwembamba.

Antena ya simu hurusha mawimbi kuelekea mbele, ikiinama kidogo tu. Hivyo aliye chini ya mnara hupata sehemu ndogo. Tena nguvu hupungua upesi: mbele ya antena, umbali ukiongezeka maradufu, hubaki takriban robo. Mwongozo wa kimataifa huweka kikomo cha wati 4.5 kwa kila mita ya mraba kwa wananchi, katika masafa ya megahezi 900. Ni kweli kwamba mwaka 2011 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliyaweka mawimbi ya redio katika kundi la vitu ambavyo huenda vikasababisha saratani. Walifanya hivyo kwa ushahidi waliouona kuwa ni mdogo, na ndiyo sababu vipimo na vikomo vinahitajika.

Anayepaswa kujihadhari zaidi ni mtu anayesimama mbele ya antena, kimo kimoja nayo, kwa umbali wa hatua chache. Huyo ni mpangaji anayeanika nguo juu ya paa, au fundi anayetengeneza tangi la maji. Mwenye nyumba adai uzio na alama ya onyo, na fundi asipite mbele ya antena kabla mwendeshaji hajaizima.

Tusisahau hatari za muundo wenyewe. Msifunge mbuzi wala kuanika nguo kwenye kamba za mlingoti, na msichimbe mchanga karibu na nanga: nanga moja ikilegea, mlingoti wote waweza kuanguka. Watoto wakatazwe kupanda.

Familia inayoombwa kukodisha kiwanja isitie saini kabla ya kupata majibu kwa maandishi. Ni mnara wa aina gani, na nanga zitafika wapi? Je, kampuni nyingine zikiongeza antena, kodi itabadilika? Jenereta litawekwa wapi? Mkataba ukiisha, nani atauondoa mnara na msingi wake?

Kuusukuma mnara mbali kabisa nako si kinga, kwa kuwa simu iliyo mbali na mnara huongeza nguvu yake ili isikike, nayo ndiyo inayokaa sikioni.

Mkiwa na shaka, ombeni kuona kibali katika ofisi ya serikali ya mtaa au kijiji, kisha andikeni barua kuomba mionzi ipimwe. Udhibiti wa mionzi nchini Tanzania ni dhamana ya Tume ya Nguvu za Atomiki. Elezeni mahali, aina ya mnara na umbali wake kutoka nyumbani, na mtunze nakala.