Fyuzi ikae karibu na batri

Kutoka Kisangani hadi Yanonge ni kama kilomita 60, lakini mwenye gari anajua kwamba safari haianzi mpaka bak, yaani kivuko, imvushe mto hadi Lubunga. Kwenye foleni dereva huzima injini. Lakini frigo iliyo nyuma ya gari haizimi. Inaendelea kula batri ileile itakayowasha gari.

Frigo ndogo ya volti 12 hutumia ampea 4 au 5 kompresa inapozunguka. Ni kidogo, ndiyo maana wengi huichomeka kwenye tundu la kuwashia sigara, wakaona kazi imekwisha. Tatizo ni waya. Waya wa shaba wa milimita 1.5 za mraba, ukienda mita 5 na kurudi, hupoteza zaidi ya nusu volti kwa ampea 5. Frigo huona batri imechoka, inajizima, na samaki wanaoza huku batri ina nguvu. Waya wa milimita 6 za mraba hupoteza kama volti 0.15 tu.

Basi fundi avute laini ya peke yake kutoka kwenye batri, na fyuzi isipite shubiri moja kutoka ncha ya chanya. Hapo sina mjadala na fundi yeyote. Fyuzi kazi yake ni kulinda waya, si frigo. Ukiiweka kule nyuma, waya wote unaopita chini ya viti hauna mlinzi. Njia yetu inatikisa. Waya ukichubuka kwenye bati, nguvu yote ya batri inamalizikia hapo, na mara nyingi jirani yake ni bidoni ya petroli. Halafu kuna wanaofunga uzi wa shaba mahali pa fyuzi iliyokatika. Huo si ufundi.

Wahudumu wa afya wanaofikiria kubebea chanjo kwenye frigo hizi nawaambia kwa ufupi: chanjo nyingi hutaka nyuzi 2 hadi 8, na ya pepopunda ikiganda imeharibika. Frigo ya kubebea soda isipewe kazi hiyo.

Tukirudi kwenye foleni ya bak: frigo nyingi zina kitufe cha kuchagua volti ya kujizima. Kiweke kwenye kiwango cha juu, karibu volti 12, gari lipate kuwaka. Kama yako haina kitufe hicho, injini ikizimwa chomoa, na mtu asifungue kifuniko mpaka mfike ng'ambo.