Gitaa na Deni la Mkulima

Baada ya taarifa ya habari, tumtazame John Mellencamp, mwanamuziki wa roki aliyezaliwa mwaka 1951 Seymour, mji mdogo wa Indiana, Marekani. Meneja wake alimbandika jina la Johnny Cougar. Ilimchukua miaka mingi kulivua. Lakini hoja yetu ni hii: mwaka 1985, mabenki yakinadi mashamba ya wadaiwa, yeye, Willie Nelson na Neil Young walianzisha Farm Aid, tamasha la kuwasaidia wakulima. Limeshachangisha zaidi ya dola milioni 80. Wapo wanaosema, na hawakosei, kwamba mashamba madogo yameendelea kupotea. Hata hivyo, msikilizaji, simu ya ushauri ya Farm Aid kwa mkulima aliyeelemewa si haba. Je, anayetulisha anapozama kwenye deni, aokolewe na gitaa au na serikali?