Kidonda cha Mdomo Si Kipimo cha Malaria

Mvua zikikolea hapa Mloka na Rufiji nzima, mbu huongezeka na homa haziko mbali. Mtu analala siku mbili tatu anatetemeka. Akija kuinuka, ukingo wa mdomo umetoka malengelenge madogo yaliyosongamana. Yanawasha, yanachoma, kisha yanapasuka na kuacha gamba. Anayemtazama humpa pole, halafu humtuliza: "Usijali, hiyo ndiyo malaria inatoka." Naye akishaambiwa hivyo, hana tena habari ya kwenda kupima.

Leo naomba tuliweke sawa jambo hili, maana linagharimu maisha. Malaria husababishwa na vimelea vinavyoingia kwenye chembe nyekundu za damu baada ya mtu kuumwa na mbu. Havina njia ya kutokea mdomoni. Malengelenge yale ni kazi ya kirusi kiitwacho hepesi simpleksi aina ya kwanza. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa karibu theluthi mbili ya watu wote walio chini ya miaka 50 duniani wanacho. Wengi wetu tulikipata utotoni, kwa mate na mabusu ya watu waliotupenda. Hakuna cha kuonea aibu.

Kirusi hiki kikiingia, hakitoki. Hufuata mshipa wa fahamu wa uso mpaka kwenye fundo lake ndani ya fuvu, na humo hujilaza kimya, hata miaka. Homa kali, jua la shambani au uchovu uliopita kiasi vinaweza kukiamsha, kikarudi mdomoni kwa njia ile ile. Kwa hiyo malaria inaweza kukiamsha, lakini hata mafua yanaweza.

Je, mwili unajuaje kuwa adui ameamka? Mkulima wa mpunga wa Rufiji atanielewa upesi. Anayelinda shamba usiku juu ya dungu hana haja ya kumjua kila nguruwe kwa sura. Anasikiliza mchakacho mahali pasipopaswa kuwa na mchakacho. Akiusikia anagonga debe, na walio kwenye madungu ya jirani wanaamka. Kinga ya asili, ile tunayozaliwa nayo, inafanya kazi namna hiyo. Haingoji kufundishwa na chanjo wala na ugonjwa uliopita.

Katika seli zetu, sehemu kubwa ya vinasaba, yaani DNA, hukaa ndani ya kiini. DNA ikionekana kwenye ute ulio nje ya kiini, kuna hitilafu. Hepesi ni kirusi chenye DNA, na hapo ndipo kinaponaswa. Ipo protini iitwayo sigasi, ambayo kundi la mwanasayansi Zhijian Chen wa Texas, Marekani, liliitangaza mwaka 2013. Sigasi ikigusa DNA hiyo, hutengeneza kemikali ndogo ya kupeleka habari. Habari ikifika, seli huanza kutoa intaferoni, kitu kilichopewa jina hilo London mwaka 1957 na Alick Isaacs na Jean Lindenmann. Intaferoni husambaa kwa seli za jirani, nazo hujifunga ili kirusi kisipate pa kuzaliana.

Sigasi haiko peke yake. Mwaka 2007, Jean-Laurent Casanova na wenzake walieleza habari za watoto walioshambuliwa ubongo na hepesi. Watoto hao walizaliwa na kasoro katika kipokezi kimoja tu cha kinga, kiitwacho TLR3. Maradhi mengine hayakuwa yakiwasumbua kupita kawaida. Pengo la mlinzi mmoja lilitosha kukiachia kirusi njia ya kufika kwenye ubongo.

Hapa Tanzania tumejifunza somo jingine kwa hepesi aina ya pili, ile inayoleta malengelenge sehemu za siri na kuongeza hatari ya kuambukizwa VVU. Huko kaskazini magharibi, kanda ya Mwanza, wanawake zaidi ya 800 wanaofanya kazi kwenye baa na nyumba za wageni walikubali kushiriki utafiti. Kundi moja lilimeza asaiklovia, dawa ya kudhibiti hepesi, miligramu 400 mara mbili kwa siku. Kundi jingine vidonge visivyo na dawa. Matokeo yalitoka mwaka 2008: maambukizi mapya ya VVU hayakupungua. Mwaka uliofuata, watafiti wa Seattle, Marekani, walionyesha kuwa seli za kinga ambazo VVU huzishambulia hubaki zimejazana pale palipokuwa na kidonda, hata kikishapona. Ngozi ilikuwa imefunga, lakini ndani mambo hayajaisha.

Ndiyo maana nasema ngozi haitoi majibu ya damu. Ukiwa na homa, mdomo uwe umetoka malengelenge au haujatoka, nenda zahanati upime malaria. Ukikutwa nayo, meza mseto mpaka dozi iishe. Mwenye kidonda mdomoni asimbusu mtoto mchanga, hata kama ni mjukuu wake aliyemsubiri kwa hamu, kwa kuwa hepesi inaweza kumuua mtoto wa siku chache. Jicho likiuma na kuwa jekundu, usijitilie matone ya kuazima. Yenye steroidi yanaweza kuongeza madhara kwenye jicho lenye hepesi. Na mgonjwa mwenye homa akianza kuchanganyikiwa au kupata degedege, msimweke nyumbani mkisubiri malaria itoke. Akimbizwe kituo cha afya usiku huo huo, hata kama safari itafika mpaka hospitali ya Utete. Kila saa mnayochelewa inampunguzia nafasi ya kupona.