Mtaalamu, Bwana Misitu na Sisi wa Topeni

Maneno haya yalisemwa na mzee mmoja, fundi wa nyumba wa Mji wa Kale, Mombasa, mbele ya viongozi wa vikundi vya kujisaidia waliokutana katika ukumbi wa parokia. Tumeyaandika karibu sawa na alivyoyasema.

Nimeambiwa nina nusu saa. Mzee wa Mombasa ukimpa nusu saa umempa ya salamu tu, kwa hivyo nitaingia kwenye maneno moja kwa moja.

Kwanza niungame, maana nyumba yenyewe ni ya kuungama. Mimi ni katika walioimaliza mikoko. Kazi yangu ilikuwa dari na mapaa. Ingieni nyumba yoyote ya kale pale kwetu, mtazame juu, mtaona boriti zimepangwa moja baada ya moja. Vyumba vyetu ni vyembamba kwa sababu hiyo: fundi alipima chumba kwa urefu wa boriti, si kwa matakwa ya mwenye nyumba. Tukinunua kwa korja, fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Na mimi nilipokuwa kijana majahazi yalikuwa bado yapakia boriti kwenda Arabuni, mpaka serikali ilipopiga marufuku kuzipeleka nje mwaka 1982. Hakuna aliyetuuliza mti huo wachukua miaka mingapi kufika unene ule. Wala sisi hatukujiuliza.

Sasa nimezeeka, nimeingia kikundi, nami napanda. Na hapa ndipo nataka mnisikilize, kwa sababu mara ya kwanza tulipopanda, tuliua.

Alikuja mfadhili mmoja, jina nalihifadhi. Akatuletea miche, fulana na mpiga picha. Tukashuka hori la Tudor siku maji yametoka, tukapanda mkoko mbele kabisa, karibu na maji, kwa kuwa hapo palikuwa wazi na picha zatoka vizuri. Mama mmoja mvunaji wa chaza alikuwa akitutazama. Akasema, "Wanangu, hapo mwapanda bahari." Tukacheka. Miezi michache baadaye hakukuwa na mche hata mmoja wa kuonyesha. Mfadhili alikwisha kwenda zake na hesabu ya miche iliyopandwa, si hesabu ya iliyoishi. Vijana wetu walivunjika moyo, na wengine hawajarudi hadi leo.

Mjue kwamba ukisimama ukingoni mwa Mji wa Kale ukatazama ng'ambo, waiona Mkomani. Pale ndipo ilipo KMFRI, taasisi ya serikali ya utafiti wa bahari na uvuvi. Miaka yote naitazama kama mtu anavyotazama nyumba ya jirani tajiri. Baada ya miche kufa nikaona haya imenitoka, nikavuka daraja la Nyali nikaenda kubisha. Nikapokewa na mtafiti, binti mdogo wa kulingana na wajukuu zangu. Hakuniuliza miche mingapi. Aliniuliza, "Babu, pale mlipopanda, maji hufika siku ngapi kwa mwezi?"

Swali hilo lilinikalisha kitako. Nimezaliwa baharini, bamvua naijua, maji mafu nayajua, lakini sikuwahi kuyafikiria kwa ajili ya mti. Akanieleza kwamba kila mkoko una cheo chake. Mlilana hukaa mbele, unavumilia kufunikwa na maji kila siku. Nyuma yake mkoko wenyewe, halafu muia na mkandaa, na mchu na kikandaa huko juu ambako maji hufika wakati wa bamvua tu. Ukiupanda mti mbele ya cheo chake, mizizi haipati pumzi, na mawimbi yaung'oa kabla haujashika. Kumbe yale yale aliyoyasema mama wa chaza. Tofauti ni kwamba binti yule alikuwa na vipimo vya kuthibitisha, na mama hakuwa na mtu wa kumwandikia.

Akaongeza jambo ambalo wafadhili wengi hawapendi kulisikia: pengine msipande kabisa. Kama miti mizazi iko karibu na maji yapita vizuri, mbegu hujileta zenyewe. La kuuliza kwanza ni kwa nini ile iliyokuwapo ilikufa. Kule Mwache, mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilishusha udongo mwingi kutoka bara, ukafunika mizizi, misitu ikafa imesimama. Dawa ya hapo huanzia mashambani, kwa wakulima wa mlimani. Tudor tuna maji machafu ya mji na panga. Makupa tuta la barabara lilibana maji miaka na miaka, na taka za Kibarani pembeni. Mwaka 2022 lilifunguliwa daraja badala ya tuta ili maji yapite tena. Hilo kikundi hakiliwezi hata kikifanya harambee mwaka mzima. Ni kazi ya serikali, na serikali hulifanya anapokuwapo mtu wa kuionyesha hasara kwa karatasi.

Basi nikadhani nimemaliza, nina elimu. Tukapanda tena, mara hii mahali pake, na miche ikashika. Bwana misitu akaja akatuuliza, "Nani amewaruhusu?" Wengine wetu walikasirika. Mimi sikumlaumu. Mikoko yote ya nchi hii ilitangazwa kuwa msitu wa serikali tangu 1932. Unaweza kupanda miaka kumi, ukalinda usiku na mchana, na kisheria huna hata fito. Sheria ya Misitu ya 2005 ndiyo iliyofungua mlango, nayo ya 2016 ikauacha wazi: wanakijiji waunde jumuiya ya msitu iliyoandikishwa, wawe na mpango wa usimamizi, watie sahihi mkataba na KFS. Bila mkataba huo wewe ni mgeni katika msitu ulioupanda mwenyewe.

Mkitaka kuona mambo haya mawili yalivyokutana, pandeni feri ya Likoni mwende Gazi, kilomita 50 hivi kusini. Kule miaka ya 1970 mikoko ilikatwa ikawa kuni za viwanda, pakabaki uwanja. Mwaka 1991 watafiti wa KMFRI wakaanza kupanda kwa majaribio pamoja na watu wa pale. Mradi wao wa Mikoko Pamoja, wa vijiji vya Gazi na Makongeni, ulianza kuuza hewa ukaa mwaka 2013. Hesabuni hapo katikati: miaka 22. Hekta 117 tu, na hati za kiasi cha tani 3,000 kwa mwaka. Wanaonunua hawachukui mti wala jani. Wanalipia msitu ubaki umesimama, kwa kuwa tope la mikoko halina hewa, mizizi haiozi upesi, na sehemu kubwa ya hewa ukaa imelala humo chini. Fedha zimeingia kwenye maji ya bomba na shule. Wakapanda na mivinje ili watu wapate miti ya kujengea na kuni bila kugusa mikoko. Mwaka 2017 walipata tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa.

Lakini nisiwatie tamaa. Mapato ya miaka ya mwanzo yalikuwa kiasi cha dola 12,000 hadi 15,000 kwa mwaka. Wagawieni watu elfu kadhaa, kila mmoja apata nauli ya matatu. Faida ilionekana kwa sababu kijiji kiliziweka pamoja na kuamua barazani. Akija mtu kwenu na mkoba akisema mtatajirika kwa tani, mwambieni asubiri kwanza. Sheria ya tabianchi ilirekebishwa mwaka 2023. Mradi wa hewa ukaa kwenye ardhi ya umma au ya jumuiya lazima uwe na mkataba wa maendeleo ulioandikishwa, na miradi ya ardhi itoe kwa jumuiya si chini ya asilimia 40 ya mapato ya mwaka baada ya gharama. Hayo maneno "baada ya gharama" myasome mara mbili. Gharama za nani, na nani anazihesabu?

Jambo la mwisho ni hili, na ndilo lililonileta. Mpango wa taifa wa kusimamia mikoko, walioutengeneza KFS na KMFRI pamoja na wenzao, ni wa 2017 hadi 2027. Ukiisha itabidi uandikwe mwingine. Mtafiti ataleta vipimo, bwana misitu ataleta sheria. Mama wa chaza ataingia vipi katika chumba hicho? Hawezi, isipokuwa vikundi vyetu viwe vimeandikishwa, vina daftari la miche iliyoishi na iliyokufa, na vimekwisha kujuana na hawa mabwana kabla ya barua za mwaliko kuandikwa. Sisi tumeanza daftari. Ukurasa wa kwanza ni wa ile miche tuliyoiua.

Siku za bamvua ijayo tutakuwa topeni Tudor tangu alfajiri, tukichomeka vijiti vya kupimia maji yanafika wapi. Mtafiti amekubali kuja, na bwana misitu ameahidi. Mama wa chaza ndiye atakayetuongoza njia. Mkija, leteni vijiti vyenu, na viatu viacheni nyumbani.