Land Rover Tatu Juu ya Behewa

(Hotuba iliyosomwa na mwanachama mwenzetu baada ya chakula cha mchana, siku ya mkutano wa wanafunzi wa zamani.)



Katibu aliponiandikia nizungumze juu ya kazi za mikono baada ya kustaafu, nilijua anataka mnicheke. Haya, chekeni. Mzee mzima, mwenye wajukuu, nimetumia miezi minane kutafuta vigari vitatu vya kupakia juu ya behewa la treni ndogo ya mezani.

Wengi wenu mnamkumbuka marehemu baba yangu pale stesheni, aliyekuwa akitupokelea masanduku muhula ulipoanza. Kazi yake hasa ilikuwa kufunga mizigo juu ya mabehewa ya wazi. Ninayo picha yake moja tu akiwa kazini, ya mwaka 1964: amesimama kando ya behewa lenye Land Rover tatu fupi, ameshika mnyororo. Behewa hilo ndilo ninalolitengeneza.

Kwanza kuna jambo la kipimo. Reli yetu ya Kati ya zamani ina upana wa mita moja. Ukiigawanya kwa 87 unapata milimita 11 na nusu, na njia ndogo za milimita 12 zinauzwa, basi nikachagua kipimo hicho. Land Rover fupi ya wakati ule ilikuwa na urefu wa mita 3.62, yangu lazima iwe milimita 42. Vigari vya Oxford vya Uingereza ni vizuri sana, lakini vingi ni vya 1 kwa 76, na Land Rover hiyo hufika karibu milimita 48. Mtasema milimita sita ni nini? Zidisheni mara tatu. Behewa langu lina milimita 140, kwa hiyo gari la mwisho lingening'inia nje! Na Matchbox tulizozipenda utotoni ndizo usiseme, maana zilipimwa zitoshe kwenye kisanduku, hata lori likalingana na teksi.

Hodari wa 1 kwa 87 ni Wajerumani, akina Wiking na Herpa. Tatizo ni kwamba magari yao mengi yana usukani kushoto. Hilo nimelizoea: unaukata kwa wembe na kuugundisha kulia.

Lakini taa hazihamishiki kirahisi. Vigari vyangu vya kwanza, nilivyoviagiza ng'ambo kwa bei ambayo sitaitaja mbele ya mke wangu, vilikuwa na taa kwenye madigadi. Mwaka 1964 taa zilikuwa katikati, kwenye wavu wa rejeta. Zilihamia pembeni mwishoni mwa miaka ya sitini. Mama watoto akaniuliza, "Nani atajua?" Baba angejua. Mtu huyu alikuwa akirudi usiku kukagua kabari alizozipiga mwenyewe mchana. Sare yangu na sanduku nililokuja nalo hapa vilitokana na mnyororo ule, nami sikupata kumshukuru ipasavyo. Nikavirudisha kabatini, nikaanza kutafuta upya.

Vilipopatikana vya kweli, kazi iliyobaki ilikuwa nyepesi. Vilikuja viking'aa kama sahani. Nikavipaka vanishi isiyong'aa, nikakwangua chaki nyekundu na kuipuliza kidogo magurudumuni. Kidogo tu, kwani magari yale yalikuwa mapya. Kabari ni njiti za kiberiti, na minyororo nimeitoa kwenye mkufu uliokatika.

Behewa liko kwenye meza ile ya nyuma, pamoja na picha. Mwaweza kulitazama baada ya chai. Ila gari la tatu, ndugu zangu, gundi yake haijakauka, tafadhali msiliguse.